Sonona: Mpikie, kisha tembea naye

Yapo maradhi ambayo mgonjwa wake hapewi pole. Mtu akivunjika mguu, jirani humletea uji. Akishikwa na malaria, watoto hunyamazishwa ili apate kulala. Lakini mtu akiamka siku baada ya siku na moyo uliomlemea, hana hamu ya kula wala kuoga, hataki kuonana na watu, na kazi aliyoizoea imemshinda, aghalabu huambiwa kwamba ni mvivu au anadeka. Huambiwa ajikaze.

Ndugu msomaji, yamkini mtu huyo yumo nyumbani mwako. Ugonjwa wake unaitwa sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wanaougua sonona ulimwenguni ni zaidi ya milioni 280, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Miongoni mwa waja wazito na mama waliojifungua karibuni, zaidi ya 10 katika kila 100 hupatwa nao. Kwa hiyo si ugonjwa wa kigeni wala wa watu wenye nafasi. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, nasi tangu zamani tumekuwa tukisema, "Fulani ana mawazo."

Matibabu ya sonona yapo hospitalini, nayo hufaa. Lakini kuna mambo mawili yaliyo karibu zaidi na familia kuliko hospitali yoyote, ambayo utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba humsaidia mgonjwa: chakula anachokula na mwendo wa mwili wake. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyosaidia, mipaka yake, na kwa nini mgonjwa hawezi kuachiwa ayatekeleze peke yake.

HUZUNI NA SONONA

Huzuni ni sehemu ya maisha. Aliyefiwa hulia, aliyepoteza kazi hukosa usingizi, kisha polepole moyo hurudi mahali pake. Madaktari huanza kufikiria sonona pale hali inapodumu kwa muda wa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku. Mgonjwa huwa na majonzi, au hupoteza kabisa furaha ya mambo aliyoyapenda. Juu ya hayo, usingizi hupotea au huzidi, hamu ya chakula huisha au hupita kiasi, mwili huchoka bila kazi, akili haitulii, na mtu hujiona hana thamani. Wengine huanza kufikiria kifo.

WALICHOKIONA WATAFITI

Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Profesa Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 67 wenye sonona ambao chakula chao kilikuwa duni. Wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu ya kawaida. Waligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilipewa mtaalamu wa lishe, aliyewafundisha kula mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde za kila aina, karanga, samaki na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitu vitamu, vya kukaangwa na vya viwandani. Fungu la pili lilipewa mwenzi wa mazungumzo, wa kuzungumza nao habari na michezo, au kucheza nao karata.

Baada ya wiki 12, waliopona kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa wagonjwa walikuwa 32 katika kila 100 kwenye fungu la chakula, na 8 tu katika kila 100 kwenye fungu la mazungumzo. Kadhalika, watafiti walipopiga hesabu ya gharama, waliona kwamba chakula kile bora kilikuwa rahisi kuliko kile walichokuwa wakila wagonjwa hapo awali: dola 112 za Australia kwa wiki badala ya 138.

Kuhusu mazoezi, habari zilitangulia. Mwaka 1999 Profesa James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichukua watu 156 wenye sonona, wote wa umri wa miaka 50 na zaidi. Baadhi walipewa dawa, baadhi walifanya mazoezi mara 3 kwa wiki, na baadhi walifanya yote mawili. Mazoezi yenyewe yalikuwa kutembea kwa haraka au kukimbia polepole kwa dakika 30. Baada ya wiki 16, mafungu yote matatu yalikuwa yamepata nafuu iliyokaribiana, ingawa dawa ilianza kusaidia mapema zaidi.

Mwaka 2022 wataalamu waliunganisha matokeo ya tafiti 15 zilizohusu watu zaidi ya 190,000. Waliona kwamba wenye mwendo unaolingana na saa 2 na nusu za kutembea kwa haraka kila wiki walipatwa na sonona kwa asilimia 25 pungufu kuliko wasio na mazoezi. Hata waliofikia nusu tu ya kipimo hicho, hatari ilipungua kwa asilimia 18. Haba na haba hujaza kibaba.

CHAKULA NA MWENDO VINAFANYA NINI?

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote tunazozipata katika chakula. Kiungo chenye mahitaji makubwa namna hiyo hakiwezi kulishwa ovyo kisha kikaendelea kufanya kazi sawasawa. Hutaka madini ya chuma ili damu ikifikishie hewa, hutaka vitamini za jamii ya B, na hutaka mafuta yapatikanayo katika samaki. Mwenye upungufu wa damu huchoka, hukosa hamu na hushindwa kutuliza akili, hata watu wakadhani ni sonona. Na pengine maradhi yote mawili huwa ndani ya mwili mmoja. Ndiyo sababu ni vizuri mgonjwa apimwe damu.

Mwendo nao huongeza damu inayofika ubongoni, huleta usingizi mzuri na hupunguza mfadhaiko. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wazee waliotembea dakika 40, siku 3 kwa wiki, kwa mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa asilimia 2, wakati kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua. Sehemu hiyo hiyo mara nyingi huonekana kuwa ndogo kwa watu waliougua sonona muda mrefu.

SAHANI YA NYUMBANI

Msomaji asidhani kwamba hapana budi kutafuta mafuta ya zeituni. Vyakula vya jamii ile ile vimejaa katika masoko yetu. Badala ya sembe nyeupe, pika ugali wa dona, wa mtama au wa ulezi. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe ndizo kunde walizozinena wataalamu. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yana vitamini iitwayo foleti pamoja na chuma. Dagaa ni samaki kamili, anayeliwa na mifupa yake. Na kwa watu wa pwani, vibua wana mafuta yale yanayohitajiwa na ubongo. Yai, mtindi, karanga, parachichi, papai, chungwa na pera hukamilisha mlo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kupata chuma kilichomo katika mboga. Afadhali chai inywewe saa moja au mbili baada ya mlo, na sahani ya mboga ikamuliwe ndimu, kwa sababu ndimu husaidia chuma kuingia mwilini.

Soda, biskuti na vitu vitamu humpa mtu nguvu za muda mfupi, kisha humwacha amelegea kuliko mwanzo. Pombe ndiyo mbaya zaidi. Wengi huikimbilia ili kusahau, lakini huharibu usingizi na huongeza sonona, na haipatani na dawa za ugonjwa huo.

MWENDO WA KUPUMUA, SI WA KUBEBA

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki. Mgonjwa asianze na hizo. Na aanze na dakika 10 asubuhi, jua lingali changa, hadi kwenye mti fulani na kurudi. Wiki inayofuata aongeze kidogo. Kipimo cha mwendo wa wastani ni rahisi: mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba.

Hapa mama mmoja atauliza, na swali lake ni la haki: "Mimi nateka maji, nalima, nakata kuni. Nitembee tena mpaka wapi?" Utafiti unamuunga mkono. Mwendo wa mapumziko ndio unaoambatana na afya njema ya akili. Kazi nzito za kujipatia riziki hazionyeshi faida hiyo. Mwanamke wa namna hii hahitaji kuongezewa hatua. Anahitaji kupunguziwa ndoo. Mume na watoto wakichukua sehemu ya kazi zake, naye akapata nusu saa ya kutembea mikono mitupu pamoja na shoga yake, hilo ndilo zoezi lake.

ASIACHWE PEKE YAKE

Sasa tufikie kiini cha jambo. Sonona humnyang'anya mtu nguvu zile zile anazohitaji ili ajisaidie. Kumwambia asiyeweza kuinuka kitandani kwamba aende sokoni, achague mboga, apike, kisha akatembee, ni kumtwika mzigo mwingine. Na akishindwa, ataongeza hilo katika orodha ya mambo anayojilaumu.

Tazama tena majaribio tuliyoyataja. Wagonjwa wa Australia hawakupewa karatasi ya maelekezo wakaambiwa waende zao. Walikutana na mtaalamu mara 7 katika wiki 12. Wa Marekani walifanya mazoezi kwa kikundi chini ya msimamizi. Ni kweli kwamba mazungumzo matupu hayakutosha, kama tulivyoona, lakini chakula na mwendo navyo vilihitaji mtu wa kuvishikilia.

Jambo hili si geni kwetu. Katika kampeni za "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, Watanzania walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakatenda pamoja: kuchimba vyoo, kusafisha mazingira, kulima mboga. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, usimwambie mgonjwa wako ale vizuri: mpikie, ukae ule naye, hata kama atakula matonge matatu. Usimwambie akatembee: vaa viatu, simama mlangoni na useme, "Twende tukanyooshe miguu, tutarudi sasa hivi." Akikataa leo, njoo kesho bila kununa. Wala si lazima mzungumze njiani. Akiwa ni mzazi wako au mkweo, ambaye huwezi kumwamrisha, mwombe akusindikize. Heshima itabaki mahali pake na miguu itapata kazi yake.

MIPAKA YAKE

Ingekuwa hadaa kumaliza bila kutaja mipaka. Jaribio la Australia lilikuwa la watu wachache. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya jaribio kubwa la watu 1,025 katika nchi 4 za Ulaya, waliokuwa katika hatari ya kupata sonona ingawa walikuwa hawajaugua wakati huo. Vidonge vya vitamini na madini walivyomeza kwa mwaka mmoja havikuwakinga, na hata mafunzo ya ulaji, kwa jumla, hayakupunguza idadi ya waliougua. Kwa hiyo asije mtu akakuuzia kopo la vidonge kwa jina la dawa ya mawazo, wala mtu asidhani kwamba mchicha umechukua nafasi ya daktari.

Mgonjwa aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kutembea; aendelee na yote mawili, na mabadiliko yoyote yafanywe na aliyemwandikia. Mwenye kisukari, maradhi ya moyo au mimba aulize kwanza kituo cha afya ni mwendo gani unaomfaa. Na mtu akianza kusema kwamba heri afe, au akigawa vitu vyake na kuaga watu, hilo si jambo la chakula wala matembezi. Asiachwe peke yake hata kidogo. Sumu, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Kwa sonona, mara nyingi anayeficha si mgonjwa bali ni sisi tunaoona aibu kwa niaba yake. Tusiione tena. Apelekwe kwa mganga kama apelekwavyo mwenye malaria; na akirudi nyumbani akute dagaa na matembele mezani, na mtu mmoja aliyekwisha kuvaa viatu anamngoja.