Mama na binti: mji upi wa Ulaya?

Wasikilizaji wangu, wiki hii nina swali la mama mmoja wa Ilala, mwenye umri wa miaka 62. Binti yake anasoma Ujerumani, na hawajaonana kwa miaka mitatu. Binti amejibana akaweka akiba, na sasa anataka mama aende mwezi Julai, wapumzike wiki moja katika mji mmoja wa Ulaya. Binti anapendekeza Athens. Mama amemjibu kuwa popote sawa. Kisha mama huyo ananiuliza mimi: mji upi?

Nianze na hilo neno "popote". Mama zetu wakisema popote, mara nyingi wana jambo wanalolimeza. Pengine ni magoti. Pengine ni presha. Pengine anaona haya kumwambia mtoto aliyejinyima kwamba hawezi kupanda kilima juani. Kwa hiyo swali la kwanza si mji upi wenye sifa kubwa. Swali ni hili: kati ya hawa wawili, nani atachoka mapema, na akichoka ataketi wapi? Watu waliokosana kwa miaka mitatu wanahitaji mahali pa kuzungumza, si pa kukimbizana.

Ipo miji mitatu niliyopata kuitembelea kwa kazi hii ya redio. Hebu tuipime kwa kipimo hicho.

Athens, mji mkuu wa Ugiriki, una Acropolis, kilima chenye hekalu la Parthenon lililojengwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ni mahali pa kuonwa, sibishi. Lakini mwezi Julai joto la mchana huko kwa kawaida hupita nyuzi 30, na wimbi la joto likiingia hukaribia 40. Katika miaka ya 2023, 2024 na 2025 wakuu walilazimika kukifunga kilima hicho saa za mchana kwa sababu ya joto. Njia ni ya kupanda, mawe yamelainika kwa kukanyagwa, na kivuli ni haba. Mtu wa Dar es Salaam atasema joto tumelizoea. Kweli, lakini hata kwetu hakuna anayempandisha mama yake mlimani saa saba mchana.

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hupata upepo wa bahari ya Atlantiki, na mchana wa Julai huwa kwenye nyuzi 28 hivi. Tena kuna habari inayotuhusu. Katika mtaa wa Belém, ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, limo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mama atacheka akikumbushwa kuwa meza anayolia chakula na leso anayojifunga, maneno yake tumeyapata kwa Wareno. Belém ni tambarare, kandokando ya mto Tagus. Taabu ni mji wa kale: umekaa vilimani, njia zimetandikwa vijiwe vinavyoteleza, na tramu maarufu namba 28 hujaa watalii pamoja na wezi wa mifukoni.

Vienna, mji mkuu wa Austria, nao hupatwa na siku za joto kali. Lakini katikati ya mji ni tambarare, tramu ni nyingi, na viti vya kupumzikia vimejaa bustanini. Maji ya bomba hutoka chemchemi za milimani, kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1873 na mwingine wa mwaka 1910, na mtu hunywa bure mitaani. Bustani za kasri la Schönbrunn hazina kiingilio. Binti akitaka kuogelea, kipo kisiwa cha mto Danube chenye urefu wa kilomita 21, na mama atakaa kivulini akimtazama. Jumba la opera halina maonyesho Julai na Agosti, lakini jioni za miezi hiyo huonyeshwa filamu za muziki bure mbele ya jengo la halmashauri ya jiji. Wakumbuke tu kuwa Jumapili maduka mengi hufungwa.

Sasa viza. Nchi hizi tatu na Ujerumani zimo katika eneo la Schengen. Binti mwenye kibali cha kuishi Ujerumani hahitaji viza nyingine kwa matembezi haya. Mama anaihitaji, na maombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Akikaa Vienna wiki moja na kwa binti yake wiki tatu, anaomba kwa Wajerumani. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na akinyimwa hairudishwi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida jibu huchukua siku 15, ingawa laweza kufika siku 45. Kwa hiyo asingoje Juni, wala asinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya viza.

Wakishafika, watoke mapema asubuhi, waone kitu kimoja, mchana walale. Julai jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu mno. Kama mama ni wa kuswali, ajue Magharibi itaingia saa hizo na Isha itachelewa sana.

Kwa huyu mama wa Ilala, ushauri wangu ni Vienna. Athens waiweke Oktoba ya mwaka mwingine. Na wewe binti, kabla ya kulipia lolote, mpigie mama simu umwulize: ukienda sokoni kwa miguu, unapumzika mara ngapi njiani? Hapo atakujibu kweli.

Hadi wiki ijayo.