Sahihi Peke Yake Si Ithibati

Katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya kuna biashara ambayo wengi wetu hatujapata kuiwazia: biashara ya michoro asilia ya vibonzo. Kinachouzwa si gazeti, bali ile karatasi nzito aliyoiinamia mchoraji kwa penseli na wino kabla ya kazi yake kupelekwa mtamboni. Karatasi hiyo ikiwa na sahihi ya mchoraji mashuhuri, bei yake hupanda. Na penye faida hapakosi walaghai. Kwa hivyo mnunuzi, mhifadhi wa makumbusho na mtafiti hukabiliwa na swali moja: je, sahihi hii ni ya kweli?

Waama, hayo ni maswali mawili yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza: je, jina hili limeandikwa na mwenyewe? La pili: je, mwenye jina ndiye aliyechora? Anayejibu la kwanza akadhani amekwisha kulijibu la pili amepotea njia.

Tumtazame Walt Disney, aliyefariki mwaka wa 1966. Katuni ya Mickey Mouse ilianza kutokea magazetini Januari 1930 ikiwa na jina lake. Hata hivyo, tangu Mei mwaka uo huo hadi 1975, mchoraji wake mkuu alikuwa Floyd Gottfredson. Kwa miaka 45 mkono ulikuwa wa Gottfredson, jina likawa la Disney. Isitoshe, Disney aliwaruhusu baadhi ya wasanii wa kampuni yake, akiwemo Hank Porter, kuwaandikia mashabiki sahihi kwa niaba yake. Basi hapo pana sahihi yenye idhini ya mwenyewe, isiyoandikwa na mwenyewe, juu ya mchoro usiochorwa na mwenyewe! Tuiite ya kughushi? Hasha. Tuiite halisi? Hapo pia ulimi unasita.

Kisa cha Batman, aliyezuka mwaka wa 1939, ni kizito zaidi. Kwa miaka mingi jina lililoandikwa kwenye hadithi zake lilikuwa la Bob Kane pekee. Lakini tangu 1953 hadi 1967, Sheldon Moldoff alimchorea Kane kurasa chungu nzima bila ya jina lake kutajwa. Naye Bill Finger, aliyeandika hadithi ya kwanza na kusaidia kumbunia shujaa huyo sura na vazi, alifariki mwaka wa 1974. Jina lake halikuwekwa rasmi kando ya la Kane hadi 2015. Hapa aliyedhulumiwa si mnunuzi mwenye fedha, bali ni mtenda kazi. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tuna wajibu wa kuuliza: vimeundwa na nani?

Kinyume cha hao ni Charles Schulz. Katuni yake ya Peanuts ilianza Oktoba 1950 na kukoma Februari 2000, siku moja baada ya kifo chake. Katika muda wote huo aliichora mwenyewe, akaandika maneno yake mwenyewe, bila ya msaidizi. Kwake yeye, jina na mkono ni kitu kimoja, na labda ndiyo maana walaghai wanapenda kumwiga. Lakini mkono wake una ushahidi usioigika kwa urahisi. Baada ya upasuaji wa moyo mwaka wa 1981, mkono huo ulianza kutetemeka, na mstari wake ukatetemeka nao. Mchoro unaodaiwa kuwa wa miaka ya tisini, wenye mistari laini kama ya ujanani mwake, unastahili kutiliwa shaka, hata kama sahihi yake inapendeza macho.

Mwanaisimu anajua kwamba msemaji hatamki neno moja mara mbili kwa namna ile ile kabisa. Sahihi nayo ni vivyo hivyo: hubadilika, ila ndani ya mipaka yake. Sahihi mbili zikilazwa moja juu ya nyingine zikalingana kila nukta, yamkini moja imenakiliwa. Tena mwenye jina huandika kwa wepesi; mghushi huenda polepole, akasita na kuinua kalamu pasipostahili. Kioo cha kukuzia kikionyesha vitone vidogo vilivyopangika, hiyo ni chapa ya mtambo, si wino wa mkono.

Kisha na tuusome mchoro wenyewe. Aghalabu mchoro asilia huwa na alama za penseli chini ya wino, rangi nyeupe iliyofunika makosa, pamoja na maagizo ya mhariri pembeni. Ukilinganishwa na gazeti la tarehe ile, uwe na yote yaliyochapishwa, na zaidi ya hayo uwe na yale ambayo mtambo haukuyachapa. Hatimaye tuulize umepitia mikononi mwa nani hadi kufika hapa. Njia ya mwongo ni fupi. Ukimfuata nyuma hatua tatu, ameishiwa na maelezo.

Wanafunzi wa fasihi wasidhani mambo haya ni ya ugenini. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yalikusanywa baada ya kifo chake na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor. Hayakuja na sahihi. Ukitaka kujua kama ubeti fulani ni wake, huna budi kuipima lugha, matukio yanayotajwa, na watu walioupokea.

Je, sisi tunawawekea nini watakaokuja? Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miaka mingi kwa Juha Kalulu wake. Tusipohifadhi michoro asilia ya wachoraji wetu, pamoja na tarehe zake na majina ya wote walioishughulikia, kesho kila mwenye kalamu atajiita Gitau, na hatutakuwa na cha kumpimia. Maktaba za vyuo vyetu na zianze kuikusanya wakati wachoraji wengi wangali hai na wanaweza kuulizwa.

Nanyi walimu, wapeni wanafunzi michoro miwili, mfunike majina, kisha muwaulize ni mkono mmoja au ni miwili, na wamejuaje. Atakayezoea kulijibu swali hilo hatatishwa na jina kubwa lililoandikwa juu ya kazi yoyote ile.