Kisu cha Mzee Usikifanye Kipya



Mkulima na kisu hawaachani. Lakini kisu kikichakaa, wengi wetu hukitupa tukanunua kingine. Huko Marekani wako watu wasiofanya hivyo. Wao hukusanya visu vya kukunja vya mfukoni, vilivyotengenezwa nchini mwao zamani, na kila kimoja hukitunza kama amana.

Hapo kale visu vizuri vilivyouzwa Marekani vilitoka sana Sheffield, Uingereza. Mwaka 1890 serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa visu vya kigeni, na viwanda vya nyumbani vikasitawi. Kampuni ya Case, iliyoanza mwaka 1889, ingali ikifanya kazi katika mji wa Bradford, Pennsylvania. Wengine hawapo tena: Imperial Schrade ilifungwa mwaka 2004, na Camillus mwaka 2007. Kwa hivyo visu vyao vya zamani ni hivyo vilivyobaki, wala havitaongezeka.

Umri wa kisu hujulikanaje? Kifungue, utazame shina la ubapa, pale linapoingia katika mpini. Hapo pana chapa. Visu vya Case vya mwaka 1940 mpaka 1964 vimepigwa CASE XX. Mwaka 1965 yakaongezwa maneno U.S.A. Mwaka 1970 zikatiwa nukta kumi, na kila mwaka ikaondolewa moja, hata mwaka 1979 ikabaki moja tu. Ajuaye kuhesabu nukta hana haja ya kumwuliza muuzaji.

Basi adui wa kisu kama hicho si kutu peke yake. Ni mrithi mwenye bidii. Mtu hurithi kisu cha babake, akakiona cheusi, akakisugua kwa msasa na kukinoa kwa mashine mpaka king'ae. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ubapa umepungua, chapa imefutika, na thamani aliyotaka kuipandisha ameishusha. Wala hasara si ya fedha tu. Ule weusi ulikuwa alama ya kazi ya baba kwa miaka mingi, na dukani hauuzwi.

Utunzaji wake ni mwepesi. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, utie tone la mafuta katika kiungo. Usikilaze siku nyingi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Na chenye mpini wa seluloidi kiweke peke yake, maana seluloidi ikioza hutoa mvuke unaokula chuma cha jirani zake.

Sisi wa visiwani twaijua hewa ya chumvi. Ikiwa unacho kisu cha mzee wako sandukuni, kiwe cha Marekani au cha mhunzi wa kijijini, kitoe leo, kipanguse, ukitie mafuta. Kisha mwonyeshe mwanao mahali mpini ulipolika kwa mkono wa babu yake.