Ordinateri Ikikataa Kuwaka

Ndugu wanafunzi, juma lililopita ordinateri ya biro ilikataa kuwaka. Wengine walisema: « Imekufa, tuchange franka tununue ingine. » Lakini mashini isiyowaka si lazima iwe imekufa. Tutafute ugonjwa wake pole pole, kuanzia ukutani mpaka ndani.

1. Je, moto uko? Chomeka taa katika priza ileile. Taa isipowaka, kosa si la mashini.

2. Sukuma vizuri kamba ya moto pande zote mbili. Ao jaribu kamba ingine.

3. Angalia nyuma. Sanduku la kupokea moto mara nyingi lina butoni: O ni kufunga, I ni kufungua. Mengine yana pia kabutoni ka kuchagua volti 115 ao 230. Kwetu moto ni volti 220, basi iwe 230. Ukiweka 115, sanduku laweza kuungua palepale.

4. Ondoa kamba, finya butoni ya mbele sekunde 10, rudisha kamba, jaribu tena.

5. Feni ikizunguka lakini ekrani iko nyeusi, moto unaingia. Angalia kamba za ekrani.

Yote yakishindwa, ita fundi. Sanduku la moto usilifungue hata kidogo: hata bila kamba, moto unabaki ndani na unaweza kuua.

Na ile ya biro? Siku ya salongo mmoja wetu aligusa butoni ya nyuma na fagio. Ni hiyo tu! Franka za wazazi zimepona. Tusizike mgonjwa mbele ya kumpima.