Gari la miraa na muguka: oili hukonda ndani ya injini, dumu likiendelea kusema 20W-50

Mabunda ya miraa kutoka Igembe, Meru, na magunia ya muguka kutoka Mbeere, Embu, hufika Pwani kwa Probox na pikapu zinazokimbizana na saa, kwa sababu jani likishapita siku mbili halina soko. Mabishano ya muguka, tangu amri za magavana wa Pwani za Mei 2024 na Mahakama Kuu ya Embu kuzisimamisha, tumeyasoma vya kutosha. Leo tuliangalie gari lenyewe. Injini nyingi za kazi hii hufa mapema, na wenye magari hulaumu barabara, dereva, hata husuda, bila kuitazama oili.

Ushauri wa gereji zetu unajulikana: Pwani kuna joto, weka oili nzito, weka 20W-50. Unaingia akilini, lakini una kasoro. Injini ina thamostati, na kazi yake ni kuyashikilia maji baina ya nyuzi 80 na 95 hivi, gari liwe Kongowea au Maua. Joto la jua la Mombasa lina athari ndogo kuliko tunavyodhani. Linalochemsha oili ni mzigo, mwendo, vilima na muda wa kukimbia bila kupumzika.

Nambari za kwenye dumu zimewekwa na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani. Herufi W si uzito, ni majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Oili ya 5W hujaribiwa kwa nyuzi 30 chini ya sufuri, na ya 20W kwa nyuzi 15 chini ya sufuri. Hakuna dereva wa Meru anayeamkia baridi hiyo, hata Timau. Lakini asubuhi ya nyuzi 12 juu ya Nyambene, 20W-50 huwa nzito mara kadhaa kuliko 5W-30, na huchelewa kufika juu kwenye kamshafti. Dereva aliyechelewa na mzigo hasubiri. Anawasha, anakanyaga, na chuma husugua chuma kabla oili haijafika.

Nambari ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100. Ili iitwe 30, oili iwe na mnato wa sentistoki 9.3 hadi karibu 12.5, ili iitwe 40, kuanzia 12.5 hadi karibu 16.3, na 50 huanzia hapo hadi karibu 21.9. Vipimo hivi ni vya oili mpya, iliyotoka kwenye dumu. Havisemi itakuwaje baada ya wiki mbili za barabara, na hapo ndipo penye hasara.

Oili inawezaje kuwa nyepesi kwenye baridi na bado isiwe maji kwenye joto? Kwa kawaida hutiwa polima, nyuzi ndefu sana zisizoonekana kwa macho. Zifikirie kama tambi. Kwenye baridi hujikunja vidonge vidonge na kuiacha oili ipite. Kwenye joto hujikunjua, zikashikana na kuizuia isiwe nyepesi kupita kiasi. Hila nzuri, ila tambi hukatika. Oili inapobanwa kwenye meno ya pampu, chini ya kamshafti, kwenye cheni na kati ya ringi za pistoni na silinda, nyuzi ndefu hukatwakatwa. Tambi zilizokatika haziungani tena. Kuna upungufu mwingine wa muda tu: nyuzi hulala upande mmoja zinapobanwa kwa kasi, oili ikawa nyepesi papo hapo, kisha hurudi. Wa kukatika haurudi. Oili iliyoanza chini kidogo ndani ya kundi la 50 inaweza kushuka ikawa 40 ukiwa bado unaamini umeweka ngao.

Si oili zote zinazokatika sawa. Polima hutofautiana kwa ubora, na kadiri nambari mbili zinavyoachana ndivyo polima nyingi zinavyohitajika, hasa kama mafuta ya msingi ni ya madini ya kawaida. SAE 40 tupu, ile ya madereva wa malori wa zamani, kwa kawaida haina polima, kwa hiyo haina cha kukatika. Wazee wale hawakuwa wajinga. Ubaya wake ni uzito wakati wa kuwasha, na injini kama 1NZ ya Probox, yenye cheni na VVT-i inayotegemea oili ipite kwenye vijia vyembamba, haikutengenezewa uzito huo.

Sasa hesabu barabara. Embu hadi Mombasa kupitia Nairobi ni kilomita 600 na ushei, na kutoka mji wa Meru ni 700 hivi. Anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 anafanya safari nne tu za kwenda na kurudi. Kwa anayeenda mara tatu kwa wiki, oili haimalizi wiki mbili. Na kilomita hizo si sawa na za kwenda Nyali na kurudi. Gari limebeba mzigo, injini iko juu ya mizunguko saa nzima nzima, na barabara ya Chuka hadi Chogoria ni kushuka bondeni na kupanda tena. Pale Nithi, ambapo watu wa Pwani hawajapasahau tangu Julai 2022, dereva mwenye busara hushuka kwa gia ndogo. Afanye hivyo kila mara, uhai kwanza. Ajue tu kwamba injini inapiga kelele na oili inakatwa.

Bodaboda wana hali mbaya zaidi. Kwenye pikipiki nyingi oili moja hulainisha injini, gia na klachi, na meno ya gia ni kisu kikali kuliko chochote ndani ya Probox. Ndiyo maana gia huanza kuwa ngumu siku chache kabla ya sevisi. Wao watafute alama ya JASO MA kwenye dumu.

Kwa macho hutajua. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Kuisugua kwa vidole hakusemi kitu: masizi huinenepesha, petroli inayovuja huikondesha, na kukatika kwa polima kumejificha katikati. Taa ya oili ikipepesa gari likiwa moto na limesimama, beringi zimeshaanza kulia.

Kitakachokusaidia kiko kwenye maandishi madogo ya dumu. Ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu, tafuta ACEA A3/B4. Kundi hilo hudai oili ibaki ndani ya nambari yake baada ya kupitishwa mara kwa mara kwenye nozeli ya dizeli kwa shinikizo kubwa, na isikonde chini ya 3.5 inapobanwa kwenye nyuzi 150. Kwa oili ya 30 ya kawaida, SAE hutosheka na 2.9. Kwa pikapu ya dizeli, API CI-4 au CK-4. Ningechukua 5W-40 yenye alama hizo kabla ya 20W-50 isiyo na alama, hata kwa bei ya juu, na kwa gari la kazi hii ningemwaga kwenye kilomita 4,000. Oili ya kupimiwa kwa kopo kutoka kwenye pipa haina maandishi ya kusoma, na aliyeijaza pipani humjui.