Nauli ya Steji Si Gharama ya Safari

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, watu wengi wa Kitui na Makueni wanalala kaunti moja na kutoa jasho katika nyingine. Kuna makarani wa serikali ya kaunti mjini Wote ambao nyumba zao ziko Machakos. Kuna washonaji wa viwanda vya EPZ kule Athi River ambao wazazi na watoto wao wako Makueni. Mafundi wa bwawa la Thwake wanafanya kazi pale mto Athi unapotenganisha Makueni na Kitui. Emali nayo imekaa mpakani mwa Makueni na Kajiado, na ukipiga hatua chache umebadilisha gavana.

Ukimuuliza mmoja wao analipa ngapi kwenda kazini, atakutajia ile nauli anayoitangaza makanga. Hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Nauli hiyo haina boda ya kukufikisha steji, haina nyongeza ya Ijumaa jioni na mwisho wa mwezi, wala haina saa unazokaa ukisubiri gari lijae. Anayetaka kuchagua vizuri ahesabu safari nzima, mlango hadi mlango, kisha azidishe kwa mwezi.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa mfanyakazi aliye kilomita 35 kutoka kazini, anayefanya kazi siku 22 kwa mwezi. Tuseme matatu ni shilingi 250, boda ya kufika barabarani ni 100, na lita ya petroli ni 180. Bei za kwako zikiwa tofauti, weka zako. Njia ya kuhesabu ni ile ile.

*Matatu kila siku.* Kwenda na kurudi ni shilingi 700. Kwa mwezi ni 15,400.

*Kupanga chumba karibu na kazi.* Kodi 4,000, maji na stima 700, na chakula cha ziada kwa kuwa sasa kuna majiko mawili, 4,500. Ukienda nyumbani kila wikendi, nauli ni 2,800. Jumla 12,000.

*Pikipiki yako mwenyewe.* Ikienda kilomita 40 kwa lita, mafuta ni kama 6,930 kwa mwezi. Ongeza 2,000 za mafuta ya injini, tairi na matengenezo, na 7,000 za mkopo. Jumla 15,930. Mkopo ukiisha, inashuka hadi 8,930.

*Gari moja, watu wanne.* Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita linatumia mafuta ya kama 23,100 kwa mwezi. Mkigawana wanne, ni 5,775 kila mtu. Mkitenga 6,000 za tairi na matengenezo, kila mmoja anaongeza 1,500. Jumla 7,275 kwa kila mtu.

Kwa takwimu hizi, matatu ya kila siku, ambayo wengi huiona ndiyo rahisi kwa kuwa inalipwa kidogo kidogo, inamaliza pesa karibu sawa na pikipiki ya mkopo. Gari la kuchangia ndilo linalookoa zaidi, mradi wote wanne wawe na saa moja ya kuingia kazini na mwenye gari awe mtu wa kutegemewa.

Hesabu za pikipiki na gari zinayumba na bei ya mafuta, ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Mnamo Oktoba 2023 petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita. Kwa bei hiyo, mafuta ya gari letu la mfano yangekaribia shilingi 28,000. Kwa hiyo wanaochangia gari wakubaliane mapema kwamba mchango utapanda na kushuka na bei ya pampu, la sivyo urafiki utavunjika kabla ya injini.

Treni: nzuri, lakini si ya kila siku

Wakazi wa Emali, Kibwezi na Mtito Andei wana bahati ambayo Kitui haina: stesheni za reli ya SGR, iliyozinduliwa mwisho wa Mei 2017. Treni inayosimama katika stesheni hizi zote ni ile ya kaunti, inayoondoka Nairobi na Mombasa asubuhi, na si zile za moja kwa moja. Kwa ratiba hiyo, anayepanda Emali kuja Nairobi anafika wakati wenzake wameshakula chakula cha mchana. Tena anafika stesheni ya SGR iliyoko Syokimau, si katikati ya jiji, na lazima aunganishe usafiri mwingine.

Basi treni haiwezi kuwa usafiri wa mtu anayetakiwa kazini saa mbili. Inamfaa anayekwenda nyumbani mara moja kwa mwezi, mwenye watoto na mizigo. Ina faida kubwa moja: nauli yake haipandi kwa sababu mvua imenyesha au Krismasi imekaribia. Ikipanda, hupanda kwa tangazo, kama Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipotoka 1,000 hadi 1,500. Kata tiketi mapema, beba kitambulisho, na uhesabu nauli ya kufika stesheni, kwa maana nyingi ziko nje ya mji.

Upande wa Kitui

Kwa watu wa Kitui, kilichobadilisha mambo ni lami. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui hadi Mbondoni, kilomita 192, imeunganisha Barabara ya Mombasa na ile ya Thika hadi Garissa. Mtu wa Ikutha au Mutomo anayefanya kazi Kibwezi hahitaji tena kula vumbi njia nzima.

Lakini kuna vijiji ambako bado lazima uvuke mto wa msimu kabla ya kuifikia lami. Hapo usihesabu shilingi peke yake. Desemba 2021 basi lilisombwa na maji ya mto Enziu kule Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kama njia yako inapita kwenye mto wa aina hiyo, panga chumba karibu na kazi kwa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hata kama miezi mingine unasafiri kila siku. Kodi ya miezi hiyo si hasara.

Bei nafuu inayoweza kukugharimu

Alfajiri na usiku, matatu zikiadimika, huja Probox na magari mengine madogo ya watu binafsi. Madereva wake wanatoza pungufu kidogo au wanakufikisha haraka zaidi. Lakini bima ya gari la kibinafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, unaweza kukataliwa fidia, na familia yako ikabaki na bili za hospitali. Sheria zilizoanza kutumika Februari 2004, zile tunazoziita za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliwekea magari ya abiria mikanda, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Angalia mstari huo, jina la sacco na stika ya leseni kabla ya kupanda. Kwenye boda, sheria inataka abiria mmoja na helmeti kwa kila mtu. Kugawana boda watatu ili kuokoa shilingi 50 ni biashara mbaya.

Wanaochangia gari nao wasijidanganye. Kugawana mafuta na wenzako ni jambo moja, kutoza nauli ni jingine. Mwulizeni wakala wa bima kabla ya kuanza, na mpate jibu kwa maandishi.

Uamuzi

Ukiwa chini ya kilomita 20 na lami ipo, panda matatu ya sacco, na ukiweza tembea hadi steji. Boda pekee kwenye mfano wetu ilikula shilingi 4,400 kwa mwezi. Kati ya kilomita 20 na 50, tafuta wenzako wa kuchangia gari, na ukiwakosa, linganisha matatu na kodi. Zaidi ya kilomita 50, panga chumba na uende nyumbani wikendi. Pikipiki ya mkopo inunue ikiwa tu itakuingizia pesa nyingine mbali na kukupeleka kazini.

Mwezi huu, andika kila shilingi unayolipa njiani, boda na nyongeza zikiwemo. Ikizidi robo ya mshahara wako, badilisha usafiri au badilisha makazi.