KIBUYU KIMOJA CHAFUNDISHA HABARI ZA DUNIA

Msomaji, wakimbiaji wetu warudipo na medali, hupokewa katika kiwanja cha ndege cha Eldoret kwa kibuyu cha mursik. Kila mtu hukifurahia kibuyu hicho. Lakini je, ni nani kijijini kwako ajuaye kukitengeneza? Siku hizi maziwa mengi hutiwa katika mitungi ya plastiki, na mabibi wajuao kazi hii wanapungua. Ujuzi wao ukizikwa pamoja nao, hauuzwi dukani.

Basi yafaa kila kijiji kianzishe darasa la mikono. Mtafuteni bibi mmoja au wawili wajuao kazi, mkusanye watoto kumi hivi, kisha mfuate mambo haya:

1. Kupanda. Mvua za Machi na Aprili zianzapo, chimbeni mashimo karibu na ua, mtie samadi na mbegu tatu kila shimo. Mmung'unye utambae juu ya ua au uchanja, ili matunda yaning'inie na shingo zinyooke. Tunda lilalalo chini hupinda au huoza.

2. Kukausha. Msivune mpaka kikonyo kikauke. Kisha mliweke tunda mahali penye hewa, pasiponyeshewa, mpaka mbegu zilie ndani likitikiswa.

3. Kusafisha. Kateni ncha ya shingo, mtoe mbegu, mjaze maji. Nyama ya ndani ikilainika, ikwangueni. Badilisheni maji kila siku mpaka uchungu uishe. Watoto wasiyanywe maji hayo, kwani uchungu wa tunda hili hudhuru tumbo.

4. Kutia mkaa. Chomeni vijiti vya mti uitwao senetwet kwa Kikalenjin, na mkaa wake usuguliwe ndani ya kibuyu kwa ufito uliopondwa ncha kama burashi. Ndipo hutiwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa.

5. Kupamba. Shoneni kifuniko cha ngozi, mkitie shanga na kauri.

Mikono ikiwa kazini, mwalimu awaeleze watoto habari za vitu wavishikavyo. Asili ya mmung'unye ni Afrika. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba mimea ya jamii hii iliyoko Amerika tangu miaka 10,000 iliyopita ilitoka huku kwetu, matunda yake yakielea baharini mpaka ng'ambo. Huko Peru mafundi huyachora kwa kisu mapambo mazuri sana. Wahindi nao hutumia tunda hilo hilo kutengenezea sitar, chombo chao cha muziki. Kauri zatoka Bahari ya Hindi. Shanga za kioo zililetwa bara na misafara ya karne ya 19, na nyingi zilitengenezwa Venice, nchi ya Italia. Hivyo mtoto wa Turbo au Moiben ataona kwamba mababu zake hawakuishi peke yao. Mali za mbali ziliwafikia.

Tena, wapelekeni watoto Makumbusho ya Kitale wakaone vyombo vya zamani, wavilinganishe na kazi yao.

Jambo la mwisho ni mbegu. Tunda lenye umbo zuri kuliko yote, mbegu zake zikaushwe, na kila mtoto apewe chache akapande kwao. Usingoje mvua, msomaji. Mwendee bibi yako sasa, umwulize kama bado anazo.